Sanamu ndogo ya mwanamke aliyeshika tama: ni nani huyu, na itengenezwe vipi?

MamaNeema_Mwanga

Habari za jioni wapendwa. Naombeni msaada kwa wenye kujua sanamu za kale, hasa za Ugiriki. Nyumbani kwangu kumezuka mjadala na ningependa uishe kwa maarifa, si kwa kushindana sauti.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanga, Kigoma mjini. Kuna familia ya wageni waliokuwa wakifanya kazi na wakimbizi. Mkataba wao ulipoisha wakauza vyombo vya nyumbani. Nilifuata mkasi wa kukatia vitambaa na pasi. Yule mama akaniongezea boksi la nyuzi, vifungo na zipu, na chini kabisa, imefungwa kwenye taulo, ilikuwamo hii sanamu. Nilipotaka kumrudishia akasema niichukue tu, waliinunua Ugiriki walipokwenda matembezi, na jina la mwanamke mwenyewe limeshamtoka.

Niwaelezee vizuri maana picha ya simu yangu haionyeshi kitu. Urefu ni kama shibiri. Mwanamke amekaa kwenye kigoda kisicho na egemeo, miguu ameipandanisha, goti juu ya goti. Mtandio umemfunika kichwa na kushuka mabegani. Amevaa nguo ndefu yenye mikunjo mingi, na hapo ndipo sanamu iliponikamata. Mimi nashona, najua kitambaa kinavyofanya kikivutwa na goti: mikunjo ya juu inakaza, ya chini inalegea na kujikusanya kwenye kifundo cha mguu. Aliyeitengeneza hii alikuwa amekaa akamtazama mtu wa kweli aliyevaa nguo ya kweli. Hata pale mtandio unapopita juu ya sikio unaona sikio limeusukuma kidogo.

Kichwa ameinamisha, shavu limelala kiganjani. Ameshika tama kabisa. Mkono mwingine ameegemea kigoda. Chini ya kigoda kuna kikapu kidogo, mdomo mpana na kitako chembamba, ndani mna vitu vya mviringo kama mabonge. Mbele, chini ya miguu, kuna herufi zilizochakaa: ya kwanza ni ile pai ya hesabu za duara, halafu H, katikati hapasomeki, mwisho kuna pai nyingine na H. Sanamu ni nyeupe, ncha ya pua imevunjika, na ukikwaruza kitako chake kwa ukucha unatoka unga.

Sasa mjadala. Naishi na mama mkwe wangu, tunapendana, wala sitaki mtu aje hapa kumsema. Sanamu kwake si tatizo, chumbani ana Bikira Maria wake na kila jioni yuko hapo na rozari. Tatizo ni hilo tama. Alipoikuta sebuleni juu ya kabati aliniuliza, "Mwanamke aliyeshika tama unamweka sebuleni, na mwenye nyumba yuko majini?" Mume wangu anafanya kazi kwenye boti za mizigo zinazotoka Kibirizi kwenda Kalemie. Mzigo usipojaa anakaa ng'ambo siku nyingi, na upepo ukichafuka hapa ndani hakuna anayelala vizuri. Sote tumelelewa hivyo: mtoto akishika tama mkono unapigwa, anaulizwa anamlilia nani. Kwa hiyo simlaumu mama hata kidogo.

Lakini kila nikimtazama huyu mwanamke siamini kwamba yuko msibani. Ana uchovu, sawa, na ana mawazo. Ila hajajiachia. Nataka kujua ni nani, kwa nini amekaa hivyo, ile sanamu ni jiwe au ni nini, na pua yake inaweza kutengenezwa na fundi wa hapa hapa? Nawaombeni msiniambie tu nitupe. Nataka kujua kwanza.

Abuu_Ujiji

Wa aleikum salaam dada. Kwetu sisi Waislamu sanamu ya kiumbe hatuiweki ndani, kwa hiyo mimi nyumbani kwangu isingekaa. Wewe ni Mkristo, hilo ni lako na familia yako. Ila nakuunga mkono kwa neno moja, kumheshimu mama mkwe. Mungu amrudishe mumeo salama, ziwa siku hizi si la kuamini.

Mdau_wa_Kasulu

Mkuu, huyo nahisi ni Demeter, mama wa mavuno wa Wagiriki. Binti yake Persephone alichukuliwa na Hades akapelekwa kuzimu, mama akakaa kando ya kisima akiomboleza, mimea yote ikakauka. Kuna sanamu zake akiwa amekaa amejifunika mtandio. Kikapu kitakuwa cha nafaka. Kama ni yeye basi mama mkwe ana hoja, huyo analia kwelikweli.

MwalimuMstaafu_Tabora

Mama Neema, salamu kutoka Tabora. Mimi ni Muha wa Kasulu, kazi ya ualimu ndiyo iliyonileta huku na nikastaafia huku huku. Nimefundisha historia maisha yangu yote na habari za Wagiriki nimezisoma kwa mapenzi, kwa hiyo swali lako limenifurahisha sana. Umeieleza sanamu vizuri kiasi kwamba picha haihitajiki.

Ndugu yangu wa Kasulu amekisia kwa akili. Wanawake wa hadithi za Kigiriki wanaochongwa wamekaa kwa huzuni ni kadhaa. Kuna Demeter aliyemtaja. Kuna Elektra, ambaye huonyeshwa kwenye kaburi la baba yake Agamemnon. Lakini herufi zinatuamulia. Demeter kwa Kigiriki huanza na ile herufi ya pembetatu, delta. Elektra huanza na hiyo H, ambayo kwao ni irabu. Ya kwako inaanza na pai, ikafuatiwa na H, na inamalizika kwa pai na H. Jaza katikati N, E, ile inayofanana na V iliyopinduliwa ambayo ni L yao, na O. Unapata Penelope.

Na hata herufi zingefutika zote, kikapu kingetosha. Si cha nafaka. Kikapu cha mdomo mpana na kitako chembamba ni cha sufu, manyoya ya kondoo ya kusokota nyuzi, na hayo mabonge uliyoyaona ni sufu yenyewe. Wachongaji walimwekea chini ya kiti ili mtazamaji ajue huyu si mwombolezaji tu. Ni mfumaji. Wewe fundi cherehani umeletewa fundi mwenzio, tena ndani ya boksi la nyuzi!

Nikupe habari zake, na umsomee mama mkwe, maana zinamhusu sana.

Penelope alikuwa mke wa Odysseus, mtawala wa kisiwa cha Ithaca. Mume aliitwa kwenye vita vya Troy, akamwacha mkewe na mtoto mchanga, Telemachus. Vita vilichukua miaka 10. Wenzake walirudi makwao, yeye akapotea baharini miaka mingine 10. Jumla 20. Utenzi wa Homer uitwao Odyssey ndio unaosimulia haya. Watu wakaamini amekufa, na wanaume 108 wakaja kujazana nyumbani kwake wakitaka awachague mmoja amwoe. Walikuwa wakichinja mifugo ya mwenye nyumba na kunywa divai yake kila siku, na hakuna wa kuwafukuza.

Penelope akawaambia: nitaolewa, lakini kwanza nimalize kufuma sanda ya baba mkwe wangu, Laertes, ambaye ni mzee, nisije nikasemwa na wanawake wa mji kwamba mzee mwenye mali yote ile amezikwa bila nguo. Nani angempinga? Mchana akafuma mbele yao. Usiku, kwa mwanga wa mienge, akafumua alichokifuma. Akawazungusha hivyo miaka 3 mizima, mpaka mwaka wa 4 wajakazi wake wengine wakamsaliti na wakamkuta akifumua. Mtu anayefanya kazi ya mikono yako ataelewa kuliko mimi uchungu wa kufumua kazi nzuri kwa makusudi, usiku kwa usiku.

Sasa lile tama. Kuna kikombe kikubwa cha udongo kilichochorwa karibu mwaka 440 KK, kiko kwenye makumbusho ya mji wa Chiusi, Italia. Kimemchora Penelope amekaa vilevile, miguu imepandana, kichwa kimeinama kwenye kiganja, mwanawe amesimama mbele yake. Nyuma yao kuna kitanda cha kufumia kilichosimama wima, nyuzi zinaning'inia, na kitambaa kilichofikia nusu kina mstari wa viumbe wenye mabawa. Yaani kazi iko palepale nyuma ya mgongo wake. Anawaza, na anachowaza ni namna ya kuivuka siku ya kesho. Ndiyo maana nakubaliana na jicho lako kwamba hajajiachia.

Kuna nyingine inayonigusa zaidi. Katika miaka ya 1930 wachimbuaji wa Chuo Kikuu cha Chicago walikuwa Persepolis, mji wa wafalme wa Uajemi, Iran ya leo. Katika magofu ya nyumba ya hazina wakakuta sanamu ya marumaru ya mwanamke aliyekaa kwa mkao huu huu, kazi ya Kigiriki ya karne ya 5 KK, haina kichwa. Ilikuwamo humo Alexander Mkuu, mfalme wa Makedonia, alipouchoma mji mwaka 330 KK. Kama ilifika Uajemi kwa zawadi au kwa ngawira, wataalamu wanabishana hadi leo. Sasa iko Makumbusho ya Taifa ya Tehran. Warumi nao walizinakili sanamu za mkao huo, na mojawapo iko Vatican. Hii yako bila shaka ni nakala ndogo ya kuuzia watalii, lakini mkao wake una zaidi ya miaka 2,400.

Niseme na hili. Nilipokuwa mdogo kule Kasulu, wanaume walikuwa wakichukuliwa kwenda kwenye mkonge, Tanga na Morogoro. Manamba. Walipanda treni Kigoma, na reli hii inayopita hapa Tabora iliwameza. Wengine walirudi na baiskeli na mablanketi. Wengine walioa hukohuko, barua zikakatika. Bibi yangu mzaa baba alikuwa miongoni mwa waliobaki. Alilima, alikamua mawese, alisuka mikeka ya ukindu, akawakatalia waliokuja kumwambia huyo mwanaume hayupo tena, olewa. Jioni alikaa kwenye kigoda mlangoni, mkono shavuni. Hakuna mtoto aliyethubutu kuupiga mkono ule. Babu alirudi, mgonjwa, lakini alirudi, na baba yangu mdogo alizaliwa baada ya hapo.

Odysseus naye alirudi, Mama Neema. Mwambie mama mkwe hivyo kabla ya yote. Mke wa sanamu hii, mumewe alitoka majini akafika nyumbani.

MamaNeema_Mwanga

Mwalimu, shikamoo. Sina namna ya kukushukuru. Nimesoma ujumbe wako kwa sauti jikoni, mama anachambua dagaa, na mwanzo alijifanya hasikilizi.

Ulipofika kwenye sanda alinuna. "Sanda tena?" Kwake hiyo ilizidi kuharibu. Nikaendelea. Kwenye wale wanaume 108 akaacha dagaa kabisa. Akaniuliza walikuwa wakila kwa gharama ya nani. Nikamwambia ya mwenye nyumba. Akasema, "Na mama mkwe wake alikuwa wapi asiwafukuze kwa ufagio?" Hilo sikuweza kulijibu, nalileta kwako. Halafu akataka kujua mume alivyorudi alitambulikaje baada ya miaka yote hiyo, maana mtu yeyote angeweza kuja akasema ni mimi.

Bibi yako umenisimulia kama namwona. Hapa mtaani wapo wengi waliobaki hivyo, siku hizi si mkonge tena, ni migodi na ziwa.

Na tafadhali, kuhusu pua?

FundiDari_Kgm

Dada, la pua niachie mimi. Nafunga dari za jipsamu hapa Kigoma na hiyo sanamu kwa maelezo yako ni jipsamu tupu. Marumaru huwezi kuikwaruza kwa ukucha, jipsamu inakwaruzika. Marumaru ukiishika ni ya baridi na nzito. Zile za plastiki iliyochanganywa na unga wa mawe nazo zipo, lakini haziachii unga mweupe kwa ukucha na ukitazama vizuri utaona mstari wa ungio la kalibu ubavuni.

Cha kwanza, usiioshe. Jipsamu inanyonya maji, inalainika, na ile mikunjo unayoipenda ndiyo itakayoanza kulika. Vumbi toa kwa brashi laini kavu, ya rangi za maji au hata ya poda. Usiiweke dirishani upande wa mvua wala kugusana na ukuta wenye unyevu.

Pua: tafuta unga wa jipsamu, fundi dari yeyote atakupa kiganja kimoja bure. Lowanisha kidogo tu pale palipovunjika kwa brashi, la sivyo jipsamu ya zamani itanyonya maji ya ile mpya na haitashika. Weka maji kwanza kwenye kikombe ndipo unyunyize unga, usifanye kinyume, mabonge hayatoki. Ikifikia uzito wa uji wa mtoto, chukua kwa kijiti cha meno, weka pua kubwa kuliko inavyotakiwa. Iache ikauke hadi kesho. Kisha punguza kwa msasa laini kabisa, taratibu, ukiangalia kwa ubavu. Pua kubwa inapunguzika, ndogo haiongezeki.

Na usiipake rangi ya mafuta, nakuomba. Ikishaziba ile mikunjo huitoi tena.

Mdau_wa_Kasulu

Mwalimu umenifungua macho, sikuijua ile ya kikapu. Ila kuhusu rangi, mbona nimesikia Wagiriki wenyewe walizipaka rangi sanamu zao?

MwalimuMstaafu_Tabora

Ni kweli walizipaka, midomo, nywele, pindo za nguo, na mabaki ya rangi bado yanaonekana kwenye baadhi ya sanamu. Weupe tunaouzoea umetokana na miaka mingi ya jua, mvua na udongo. Lakini walipaka kwa rangi zao wenyewe. Kopo la rangi ya mlango ni jambo jingine. Namuunga mkono fundi.

Mama Neema, marahaba. Maswali ya mama yana uzito, nayajibu kwa utaratibu wake.

Mama mkwe wa Penelope aliitwa Anticleia. Alikufa mwanawe angali baharini, kwa majonzi ya kumngoja. Odysseus alikutana na kivuli chake kuzimu, akajaribu kumkumbatia mara 3, na mara zote mikono yake ikakumbatia hewa. Laertes, baba mkwe, naye alikuwa ameshaondoka mjini akaishi shambani kwa unyonge. Kwa hiyo Penelope hakuwa na mkubwa wa kumsimamia. Mwambie mama kwamba angekuwepo yeye na ufagio wake mambo yangekuwa tofauti.

Kutambulikana. Odysseus alirudi amejigeuza ombaomba mzee. Aliyemtambua kwa macho yake mwenyewe ni yaya wa zamani, Eurycleia, alipokuwa akimwosha miguu, akapapasa kovu juu ya goti ambalo nguruwe pori alimwachia ujanani. Beseni likapinduka. Odysseus akamziba mdomo asiseme. Penelope alikuwa hapohapo chumbani lakini macho yake yalikuwa kwingine.

Hata wale wanaume walipokwisha kuuawa na yaya akapanda ghorofani kumwambia mumeo amerudi, Penelope hakukubali. Akashuka, akakaa mbali, akamtazama kimya. Kisha akamwagiza yaya atoe kile kitanda kikubwa chumbani amtandikie mgeni nje. Odysseus akawaka: nani amekihamisha kitanda changu? Alikijenga mwenyewe, nguzo yake moja ni shina la mzeituni lililo bado ardhini na mizizi yake, na chumba kikajengwa kukizunguka. Hakihamishiki. Jambo hilo walilijua wao wawili na mjakazi mmoja tu. Hapo ndipo magoti yakamwishia nguvu Penelope, akakimbia akamkumbatia.

MamaNeema_Mwanga

Mwalimu, hiyo ya kitanda mama amenirudisha niisome upya. Amepiga makofi. Amesema huyo mwanamke alikuwa na akili, hakumkimbilia mtu kwa sababu tu watu wamesema ndiye.

Tumekubaliana hivi: sebuleni hapana, kwa sababu wageni wanaoingia hawajui habari zake na watasema yaleyale. Inakaa chumba changu cha kushonea, kwenye rafu ya nyuzi, mbali na dirisha. Mama mwenyewe ndiye aliyeibeba. Fundi, unga nitaufuata Jumatatu, nielekeze upo mtaa gani.

Swali la mwisho ni la mama, amesema nisilisahau. Yule yaya aliyemwamsha Penelope kwa habari za mume na asiaminiwe, alifanywa nini? Alipigwa?

MwalimuMstaafu_Tabora

Hapana, hakuguswa. Penelope alimkemea kwanza, akidhani miungu imemtia wazimu. Akamwambia kwamba angekuwa mjakazi mwingine aliyemwamsha usingizini kwa habari kama hiyo, angemrudisha chini kwa ukali, lakini yeye uzee wake umemponya. Eurycleia alikuwa wa nyumba ile tangu ujana wake; Laertes alimnunua kwa thamani ya ng'ombe 20, akamheshimu sawa na mkewe, na ndiye aliyemlea Odysseus na baadaye Telemachus. Kisha Penelope aliteremka naye ngazi kwenda kumwona huyo mgeni.